Mashine ya gesi za damu si mali ya ICU: barua ya wazi kwa wakuu wa afya Nairobi

Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nairobi, wakurugenzi wa huduma za matibabu pale City Hall, na wasimamizi wa hospitali zetu za umma. Nakala kwa Wizara ya Afya, Afya House.

Waheshimiwa,

Salamu, na poleni na kazi. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali mojawapo ya umma hapa jijini, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Jina la hospitali nimeliacha makusudi. Nikilitaja, kitaitwa kikao cha kumtafuta aliyeandika badala ya kusoma alichoandika, na isitoshe wenzangu wa hospitali nyingine hunisimulia mambo yale yale tukikutana kwenye mafunzo.

Nina ombi moja. Kipimo cha gesi za damu kwa kutumia damu ya vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, kiwe kipimo cha kawaida katika idara ya dharura ya kila hospitali kubwa ya kaunti hii. Kiwe kwenye fomu, kiwe kwenye mfumo wa malipo, na kifanywe saa 24. Siombi jengo. Mara nyingi hata mashine siiombi, maana ipo. Imefungiwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi.

Kwa wale kati yenu ambao taaluma yao ni fedha au utawala, kipimo chenyewe ni hiki. Muuguzi anavuta kama mililita moja ya damu kwenye mshipa wa mkono, ule ule wa kutundikia dripu, kwa sirinji ndogo yenye heparini kavu ndani, dawa inayozuia damu kuganda. Sirinji inaletwa kwenye mashine, na baada ya dakika mbili tatu karatasi inatoka: pH ya damu (ikishuka, asidi imezidi), kaboni dioksaidi, bikaboneti (inayopunguza makali ya asidi), laktati (asidi inayopanda mwili ukikosa oksijeni ya kutosha), potasiamu, sodiamu, sukari na himoglobini. Sampuli ya kawaida ya kemia hungoja damu igande, izungushwe kwenye sentrifuji, kisha ipange foleni na sampuli za wodi zote. Majibu yakipatikana ndani ya saa moja usiku, tunashukuru.

Tatizo ni kwamba akilini mwa wengi wetu "gesi" maana yake ni ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Ateri huchomwa kwenye kifundo cha mkono, kwa kupapasa mpigo. Inauma kuliko vena, inaweza kuvuja damu chini ya ngozi, na inahitaji mkono uliozoea. Usiku mkono huo ni wa daktari mmoja, naye yuko thieta na mama anayefanyiwa upasuaji wa uzazi. Kwa hiyo fomu inakaa mezani. Muuguzi anayeweza kutoa damu ya vena macho yake yakiwa nusu wazi anaambiwa asubiri.

Na kwa maswali mengi ya dharura, kusubiri huko hakuna faida. pH ya vena huwa chini ya ile ya ateri kwa takriban 0.03. Bikaboneti karibu ni ile ile. Kaboni dioksaidi ya vena huwa juu kidogo, kwa wastani milimita za zebaki 4 hadi 6. Hayo si maoni yangu ya usiku wa manane. Miongozo ya Uingereza ya kutibu kisukari kilichosababisha asidi kwenye damu inatumia damu ya vena, na ile ya kimataifa ya kisukari cha watoto inaweka mpaka wake kwa pH ya vena iliyo chini ya 7.3.

Hebu niwaeleze hali moja inayorudi mara kwa mara. Msichana wa shule analetwa na mamake. Ametapika siku mbili, tumbo linamuuma, na kwenye kliniki ya mtaani alipewa dawa za taifodi. Anapumua kwa kasi na kwa kina, kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa kumi. Kijimashine cha sukari kinaandika "HI", yaani sukari imepita uwezo wake wa kusoma. Afisa tabibu wa zamu anajua anachokiona. Anachotaka kujua ni pH imeshuka wapi na potasiamu iko wapi, kwa sababu insulini ikiingia itaisukuma potasiamu ndani ya seli, na ikishuka kupita kiasi moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Hataki kujua mara moja tu. Anataka kujua baada ya saa moja, na tena baada ya saa mbili, usiku kucha. Ni nani kati yenu angekubali mtoto wake achomwe ateri mara sita usiku mmoja? Damu ya vena unaivuta kwenye kanula, kijimrija cha dripu kilichokwisha kuwekwa, ukimwaga kwanza ile iliyochanganyika na maji ya dripu, na mtoto huenda hata asiamke.

Kuna jambo jingine ambalo ni la Nairobi hasa, na sielewi kwa nini halijatufikisha hapa mapema. Kuanzia Juni hadi Agosti jiji hili hupoa. Kwenye nyumba za mabati, na kwenye vyumba vya fleti visivyo na dirisha la maana, watu huingiza jiko la makaa ndani, wanaziba upenyo wa mlango kwa kitambaa, wanalala. Asubuhi jirani anabisha, hakuna anayeitika. Wakiletwa hospitalini wakiwa hai, wanaletwa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, au wamezimia kabisa. Kipima oksijeni cha kidoleni kinasoma 98 kwa mia, na mtu asiyejua anasema oksijeni iko sawa, labda ni malaria.

Kile kipima cha kidoleni hakina namna ya kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoshikwa na kaboni monoksaidi. Kwake zote ni nyekundu. Mashine ya gesi yenye sehemu ya kupima aina za himoglobini huzitofautisha, tena damu ya vena inatosha kabisa, kwa sababu kiwango cha kaboni monoksaidi hakitofautiani sana kati ya vena na ateri. Mtu asiyevuta sigara anapaswa kuwa na asilimia ndogo sana, 2 au 3. Ukiona 25, unajua la kufanya: oksijeni kamili kwa barakoa, na isiondolewe. Akiachwa na hewa ya kawaida, gesi hiyo huchukua kama saa 4 hadi 6 kupungua kwa nusu. Kwa oksijeni kamili ni kama saa moja au saa moja na nusu. Halafu unauliza: nani mwingine alilala humo? Swali hilo peke yake limewahi kuturudishia ndugu wawili waliokuwa wameachwa nyumbani "wapumzike".

Sasa nisikilizeni hapa, enyi wa manunuzi. Mashine nyingi huuzwa kwa namna mbili, yenye sehemu hiyo na isiyo nayo. Isiyo nayo ni nafuu. Orodha ya zabuni ikiandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa idara ya dharura mwezi wa Julai, tunaletewa isiyo nayo.

Pombe nayo nitaigusia tu. Mei 2014 pombe yenye methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, na visa vya namna hiyo havijaisha. Hospitali nyingi haziwezi kupima methanoli yenyewe usiku. Lakini pH ya 6.9 na bikaboneti iliyokaribia kuisha, kwa kijana anayelalamika kwamba haoni vizuri, ni ushahidi wa kutosha kumwamsha daktari wa figo kwa ajili ya daialisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine. Dakika tatu, vena.

Najua jibu mtakalonipa ni gharama. Nimelisikia hilo hadi limenikaa: katriji ni ghali, kwa hiyo mashine itumike kwa wagonjwa wa ICU tu, tena kwa kibali. Naomba tulipige hesabu.

Mashine nyingi za siku hizi hutumia katriji iliyobeba vihisi na vitendanishi vyote ndani. Katriji ikishafungwa kwenye mashine, siku zake zinaanza kuhesabiwa. Inakufa kwa moja kati ya mambo mawili, vipimo vikiisha au siku zikiisha, lolote litakalotangulia. Tuchukue mfano, na bei nimeiweka kwa ajili ya hesabu tu: katriji ya vipimo 300, ya siku 30, kwa shilingi 150,000. Mkipima wagonjwa 3 kwa siku, siku ya 30 mmetumia vipimo 90, na 210 vinaingia kwenye pipa la takataka. Kila kipimo kimewagharimu karibu shilingi 1,670. Mkipima 10 kwa siku, kila kimoja ni shilingi 500, na katriji ni ile ile, pesa zilizotoka ni zile zile.

Kwa hiyo ule ubahili tunaoamrishwa ndio unaofanya kipimo kiwe ghali. Nimeziona katriji zikitolewa mashine ikiandika kwamba zaidi ya nusu ya vipimo haijaguswa, huku ghorofa ya chini fomu tatu zimeandikwa "haikufanyika". Kama mkiona kiasi hicho cha wagonjwa hakipo, nunueni katriji ya vipimo vichache. Zipo za ukubwa tofauti. Lakini msinunue kubwa kisha mkatuzuia kuitumia.

Na pesa yenyewe isiwe ya kungoja City Hall pale inapoweza kutoka karibu. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya inaziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yao na kuyatumia. Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, malipo yamekuwa na kelele zake, nami si mhasibu. Ninachokiona mimi kiko kwenye skrini ya kompyuta ya mapokezi: kuna "gesi za damu, ateri", hakuna vena. Kipimo tulichokifanya bila jina kwenye mfumo hakilipwi na hakihesabiwi. Mwisho wa robo mwaka takwimu zinaonyesha mashine haina kazi, na takwimu hizo ndizo zinazotumika kukataa katriji inayofuata. Kuongeza mstari mmoja kwenye mfumo ni kazi ya kijana wa IT ya nusu saa.

Kuhusu karatasi ya majibu nina malalamiko ya kitaaluma. Mashine huuliza kabla ya kupima: sampuli ni ya ateri au ya vena? Mtu mwenye haraka anapita bila kuchagua, na mashine inaichukulia kuwa ni ateri. Basi karatasi inatoka na oksijeni ya milimita za zebaki 38, imewekewa alama ya hatari. Kwa vena hiyo ni kawaida kabisa. Nimeona daktari kijana akikimbilia mtungi wa oksijeni kwa mgonjwa aliyekuwa ameketi akinywa chai. Majibu ya vena yasitoke na oksijeni kabisa, au yatoke na onyo lisilofichika, na viwango vya kawaida viwe vya vena.

Tena viwango vyenyewe viwe vya hapa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yetu liko karibu moja ya tano chini ya lile la Mombasa. Mwili wa mtu anayeishi huku hupumua zaidi kidogo kufidia, na kaboni dioksaidi yake hushuka kidogo. Viwango vinavyokuja na mashine kwa kawaida ni vya watu wa karibu na usawa wa bahari. Kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ISO 15189, ambacho KENAS, shirika la taifa la ithibati, hukitumia kutukagua, kinaitaka maabara ihakikishe kwamba viwango inavyotumia vinawafaa watu inaowahudumia. Tupeni ruhusa na katriji za kupima wafanyakazi wenye afya wanaojitolea, nasi tutaifanya kazi hiyo bila posho ya kikao.

Kuna hospitali ambazo mashine yao ikilala, sampuli hupakiwa kwenye boda boda kupelekwa maabara ya kulipia upande wa pili wa mji. Nawaomba mkomeshe hilo leo. Damu iliyo ndani ya sirinji bado ni hai. Seli zinaendelea kula sukari na kutoa laktati, pH inashuka, na sirinji ya plastiki inatakiwa ipimwe ndani ya dakika 30. Nani anavuka Nairobi kwa dakika 30 saa kumi na mbili jioni, hata kwa boda? Halafu kuna wanaoifunga kwa barafu wakidhani wanasaidia. Plastiki kwenye barafu hupitisha oksijeni, na baridi huifanya potasiamu ivuje kutoka kwenye seli. Yanayorudi ni majibu ya mgonjwa ambaye hayupo, na familia imeyalipia kwa M-Pesa.

Dawa ya hilo ni mashine iwe karibu na mgonjwa, na stima iwe ya uhakika. Stima ikipotea na jenereta ikachukua muda wake kuwaka, mashine isiyo na betri ya akiba inaweza kuiua katriji nzima. Yaani mmekataa kununua betri ya akiba, mkanunua katriji mbili mwezi mmoja. Betri hiyo iandikwe ndani ya mkataba wa mashine, sawa na ukarabati.

Sidai kwamba vena inajibu kila kitu, na mtu akiwauzia wazo hilo mfukuzeni. Haisemi lolote la maana kuhusu oksijeni ya mgonjwa. Hapo tunategemea kipima cha kidoleni, nacho kina kasoro inayotuhusu sisi: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi hukosea mara nyingi zaidi kwa kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo. Kwa hiyo mgonjwa wa mapafu anayeonekana vibaya huku kidole kikisema 93 bado anastahili ateri. Mgonjwa ambaye presha imeporomoka kabisa pia, kwa sababu pengo kati ya vena na ateri hupanuka. Kaboni dioksaidi ya vena ikiwa 45 au chini, unaweza kuondoa wasiwasi kwamba inarundikana. Ikiwa juu, usikisie ni juu kiasi gani, chukua ateri. Laktati ya vena ikiwa ya kawaida, shukuru. Ikiwa juu, rudia bila kumfunga mgonjwa mpira mkononi kwa muda mrefu. Haya yote yanaenea kwenye ukurasa mmoja wa kubandikwa ukutani, na tuko tayari kuuandika pamoja na madaktari.

Wauguzi na maafisa tabibu wafundishwe kuitumia mashine wenyewe, chini ya usimamizi wa maabara. Najua baadhi ya wenzangu wa maabara hawatanipenda kwa sentensi hiyo, wakiona kama naigawa kazi yetu. Udhibiti wa ubora, vibali vya watumiaji, kumbukumbu na kumfungia nje anayetumia nywila ya mwenzake, hiyo yote ibaki kwetu. Lakini saa tisa usiku, mtaalamu mmoja akiwa anapanga damu ya kuongezewa mama anayevuja, haiwezekani sirinji ya mtoto wa kisukari imngoje yeye.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na orodha za manunuzi zinaandikwa kabla ya hapo. Naomba mistari hii iingie kabla hazijapigwa muhuri: mashine ya idara ya dharura iwe yenye kupima aina za himoglobini, katriji ya ukubwa unaolingana na wagonjwa wa idara hiyo, si wa ICU pekee, sirinji zenye heparini kavu za kutosha, maana sirinji ya kawaida iliyosuuzwa kwa heparini ya maji huipunguza nguvu sampuli na kupotosha kaboni dioksaidi, na betri ya akiba. Kamati ya zabuni ikikaa, iwe na mtu wa maabara na mtu wa idara ya dharura. Mkihitaji kumbukumbu za katriji zilizotupwa na idadi ya vipimo vilivyobaki ndani yake, mashine zenyewe huzihifadhi. Mwambieni meneja wa maabara yenu azichapishe kesho asubuhi.

Wenu katika huduma,

Mtaalamu wa maabara, zamu ya usiku
Nairobi